Jogoo wa Mtani na Sauti ya Baba

Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa mtani wetu, na sioni aibu kusema, maana mtani ni mtu anayejitafutia mwenyewe kushukiwa. Ndiye aliyeibeba ile flashi kutoka Mikumi hadi Kilosa. Mikononi mwangu ilitoka ikiwa na sauti ya marehemu baba, kwa mama ikafika bubu. Katikati hapo palikuwa na nani, kama si yeye na kirikuu chake, kile kigari cha kubebea ndizi?

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikasimulia kwa hasira watu wakapotea.

Baba alifariki nyumbani Vidunda, juu mlimani, wakati mama amelazwa hospitali Kilosa kwa kuvunjika nyonga. Aliteleza shambani, kwenye mteremko ule ule aliokuwa akiupanda na kuushuka tangu aolewe. Daktari alisema asitikiswe, na kutoka Kilosa hadi kwetu ni vumbi mpaka Mikumi, kisha Kidodi, kisha kilima ambacho hata pikipiki inakipanda kwa kuomba. Tukamzika baba mama akiwa kitandani. Aliporuhusiwa kutoka wodini akakaa hapo hapo Kilosa kwa mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, kwenye nyumba iliyo jirani na reli, kusubiri mguu upone.

Tulipompelekea taarifa ya msiba, mimi na kaka yangu, mama hakulia. Alitutazama mmoja baada ya mwingine kama anayekagua mahindi yasiwe na dumuzi.

"Amekufa," akauliza, "au amehama?"

Tukadhani ni mshtuko. Wala. Mama alikuwa na akili zake timamu, na akatueleza kwa utulivu kwamba mwanamume akichoka kuuguza huondoka, halafu watoto hutumwa kuja kusema amekufa. Kaka akamwonyesha picha ya kaburi kwenye simu. Mama akaishika ile simu, akaisogeza karibu, akairudisha. "Hapa naona udongo," akasema. "Udongo uko kila mahali." Mchungaji akaja kumfariji, akaomba dua ndefu, mama akaitikia amina. Alipotoka tu, mama akamuuliza mama mdogo mchungaji yule katumwa na nani. Watu wakimwambia pole, anawauliza pole ya nini.

Mnaona sasa kwamba hii roho yangu ya kushuku sikuiokota barabarani.

Kitu kimoja tu kingeweza kumtuliza. Siku zake za mwisho baba alimwomba kaka amwashie simu irekodi, akamwambia atoke nje na afunge mlango. Akasema peke yake mle chumbani, kwa lugha ya nyumbani, maneno yaliyokuwa ya mama tu. Kaka alikuja kusikiliza mwanzo kidogo kuona kama simu imeshika, akavua hedifoni haraka. "Haya siyo yetu," akaniambia. Na kweli siyo yetu. Kwetu mtoto hasikilizi baba anachomwambia mama, awe mtoto wa shule au mwenye wajukuu. Kwa hiyo tulikuwa na maneno ya mwisho ya baba na hakuna kati yetu aliyejua yanasemaje. Mama akiyasikia ataamini. Tulikuwa na uhakika huo.

Simu yenyewe ilikuwa ya baba, ikaenda na ugawaji wa vitu vya marehemu. Alipewa mpwa wake mmoja, ambaye siku hiyo hiyo aliifuta yote akajaza muziki. Bahati kaka alikuwa ameshaihamisha sauti kwenye kompyuta ya ofisini kwangu Mikumi. Ikabaki huko, na huko tu.

Ofisi yetu ni ndogo. Watafiti wanafunga kamera mitini porini, mnyama akipita inampiga picha, na mimi kazi yangu ni kuzipanga hizo picha: tembo huku, nyati huku, matako ya nyani kule kwenye za kutupa. Kompyuta ni ya mezani, ya zamani, ya Windows. Kaka anafanya kazi za kompyuta Morogoro na ni mtu wa Linux hata usingizini, kwa hiyo aliniwekea humo programu inayofanya amri za Linux zikubali kutumika ndani ya Windows. Ukiifungua linatokea dirisha jeusi, unaandika amri badala ya kubonyeza vipicha. Linanisaidia, sikatai, amri moja inahamisha picha za wiki nzima. Lakini kuliamini sijawahi. Likifanikiwa linakaa kimya, halisemi ndiyo wala tayari. Kitu kinachokujibu kwa kunyamaza utakiaminije?

Kaka alikaa mbele ya dirisha hilo, akaandika amri zake, akatengeneza folda akaliita KWA MAMA. Akaijaribu ile sauti humo humo kwenye dirisha, hedifoni sikioni, sekunde chache, akaitikia kwa kichwa kwamba ipo. Kisha akarudi Morogoro. Mimi nikalichukua folda kwa njia yangu ya kawaida ya Windows, nikalikokota hadi kwenye flashi. Mama mdogo ana redio yenye tundu la flashi. Kilichobaki ni wa kuipeleka.

Mtani alikuwa anashuka Kilosa na ndizi, akapita ofisini. Ni mtu wa rika la baba, wa ule ukoo unaotaniana na wetu, ambao ndio wanaotuzika na sisi tunawazika. Siku ya mazishi alivaa kofia ya baba, akaiga mguu wake uliokuwa mzito, akaiga kikohozi chake, akazunguka uwanja mzima akiuliza nani amekula miwa yake. Watu walicheka machozi yakiwatoka. Ndiyo kazi ya mtani. Kofia aliondoka nayo, nayo ni haki yake, mpaka wafiwa waikomboe kwa kitu.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mtumwa wangu." Hajawahi kuniita vingine. Akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akasubiri nimfungie flashi kwenye kipande cha kitambaa.

Jioni mama mdogo akapiga simu. Redio imewaka taa, imezungukazunguka, imerudi kwenye matangazo ya mbolea. Wamejaribu tena na tena, wameazima na redio ya jirani. Hakuna kitu.

"Mama anasemaje?" nikauliza.

"Hasemi. Amegeukia ukutani."

Nikampata mtani kesho yake stendi, anapakia. Nikamuuliza flashi aliifanya nini. Akaniangalia kwa furaha kabisa, kama mtu aliyekuwa anaisubiri hiyo nafasi.

"Sauti ya mtani wangu nimeila," akasema. "Ilikuwa tamu. Leteni jogoo niitapike."

Wapakizi wakacheka. Mimi sikucheka, lakini niwe mkweli, roho ilitulia. Mtani hakani hata siku moja. Ukimwambia kaiba mwezi atakuomba umwachie na nyota. Ila pia mtani akificha kitu huwa kweli kakificha, na ukimpa chake anakirudisha. Nikaona basi, ni utani, tumalize. Nikanunua jogoo mwenye afya, nikampelekea amefungwa miguu. Akampokea kwa heshima zote, akasema sauti imesharudi, nenda katazame. Jioni nikasikia kamla na wenzake.

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikalifungua folda la KWA MAMA kwa Windows, nikabonyeza faili. Likakataa. Programu ya muziki ikaniambia faili hili haiwezi kulicheza. Nikasimama nikakitazama kiti changu. Maana sasa shida haikuwa kwenye flashi tena, ilikuwa hapa, kwenye mashine yangu, na nani alikaa kwenye kiti changu? Nikaanza kukumbuka mkono wake ulikuwa wapi wakati nakata kile kitambaa. Nikakumbuka aligusa meza. Mtu anayebeba ndizi kwa kirikuu maisha yake yote, na mimi nimeshamfanya fundi wa kuharibu kompyuta. Ushuku ukikushika haukuachii nafasi ya kujicheka.

Nikampigia kaka.

"Faili lipo," akasema. "Fungua dirisha jeusi ulitazame."

Nikafungua dirisha jeusi. Faili lipo. Nikaandika amri ya kulicheza, nikaweka hedifoni mezani mbali na masikio yangu. Sekunde zikaanza kutembea. Nikazima mara moja.

"Kwenye jeusi inacheza," nikamwambia. "Kwenye Windows inagoma."

"Basi ipo. Kwangu mimi ilicheza. Umeshika nini hapo wewe?"

Umeshika nini hapo wewe. Hakuna maneno yanayoniudhi kama hayo. Nikakata simu, na kabla sijaiweka chini nilikuwa nimeshamhamisha mtani na kumweka kaka. Kwa nini sauti ifunguke kwenye dirisha lake na isifunguke kwa watu wengine wote? Nani alisikiliza mwanzo akavua hedifoni haraka? Labda baba alisema jambo. Labda la shamba la juu, labda la mwanamke, labda mama ana haki ya kushuku kuliko sisi sote. Nililala na hayo, nikaamka nayo yamenenepa.

Siku ya mapumziko nikalinakili folda upya kwenye flashi mpya, nikapanda basi mwenyewe hadi Kilosa. Safari hii hakuna mtani, hakuna mkono wa mtu. Njiani tulisimama kupisha ng'ombe wa wafugaji, wakapita taratibu hadi nikatamani kushuka niwasukume. Nikafika, nikamwamkia mama, akaitikia. Nikachomeka flashi kwenye redio. Taa ikawaka, ikazunguka, ikaja habari ya bei ya mahindi.

Mama alinishika mkono. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Mwanangu," akasema, "hakuna sauti. Mmeona nateseka mkatunga ya kunituliza. Niambieni tu yuko wapi. Sitamfuata, na mguu huu nimfuate vipi?"

Nikamwapia. Akanipapasa mkono kama anayembembeleza mtoto mwongo. Mama mdogo akanitoa nje, akaniambia mama ameanza kuacha chakula, anakula vijiko viwili vitatu anasema ameshiba. Nikalia pale nyuma ya jiko lake mpaka treni ikapita na kuondoka.

Kwenye basi la kurudi nikajilazimisha kufikiri kama mtu wa kazi, siyo kama mtoto wa mama yangu. Mtani hakuigusa flashi hii. Kaka yuko Morogoro. Faili lile lile, upande mmoja linacheza, upande wa pili linagoma. Nikafika ofisini kabla hawajafunga, nikafanya kitu ambacho kwa picha za wanyama ningekifanya dakika ya kwanza. Nikatazama ukubwa.

KB 1.

Picha moja ya tako la nyani ni kubwa kuliko hilo mara maelfu. Maneno ya mwisho ya mtu hayawezi kukaa humo, hata angekuwa bubu. Nikalifungua lile faili kwa programu ya kuandikia maandishi matupu. Zikatoka alama chache za ovyo, kisha mstari mmoja: folda, kistari cha mkwaju, folda, mkwaju, jina la kaka, na mwisho kabisa jina la faili la sauti. Yaani ni njia. Maelekezo ya kwenda mahali, basi.

Nikampigia kaka tena, nikamsomea. Akataka nirudie. Kisha akasema polepole, "Linki. Niliweka linki."

Akanieleza. Watu wa Linux hawana haja ya kuweka kitu kimoja mahali pawili. Unakiweka mahali pamoja, kwingine unaweka linki, faili lisilo na chochote ndani isipokuwa maelekezo ya kilipo chenyewe. Dirisha jeusi likilikuta, linayasoma maelekezo, linakwenda, linakuletea kitu, wala halikwambii kuwa lilitoka. Windows haijui hiyo lugha. Inaliona ni faili kama mengine, inalinakili lilivyo. Redio ya mama mdogo ndiyo kabisa. Tulikuwa tunampelekea mama maelekezo ya njia ya kuja ofisini kwangu Mikumi, na yeye hawezi hata kufika mlangoni.

"Na ungelisikiliza kwenye Windows siku ile ile ungejua," kaka akasema.

"Nisikilize ya mama?"

Kaka asingeweza kunilaumu. Yeye mwenyewe alisikiliza mwanzo tu. Wote tulikuwa na adabu nzuri sana, na adabu hiyo ndiyo iliyomfanya mama ageukie ukutani.

Nikaifuata ile njia kwenye dirisha jeusi hadi mwisho. Sauti yenyewe ilikuwepo, nzima, imejificha kwenye folda za ndani ambazo sikuwahi kuzifungua. Nikainakili kwa Windows, folda jipya. Ukubwa wake ulikuwa wa heshima. Lakini mimi nikishaumwa siamini ukubwa. Itacheza mpaka mwisho? Isije ikakatika katikati mama akasema tena tumetunga. Lazima mtu aisikilize yote, na huyo mtu si mimi wala kaka.

Nikampigia mtani.

Alikuja akiwa na kofia ya baba kichwani, ananiuliza kama nimeleta jogoo wa pili. Nikamweleza. Mtani ndiye anayeingia kaburini kumpokea marehemu, ndiye anayeona tusiyoruhusiwa kuona, basi hata hili halimshindi. Akaketi kwenye kile kiti changu, nikamvisha hedifoni, nikabonyeza. Nikasimama pembeni nikimkodolea macho, maana nilikuwa sijamsamehe sawasawa.

Alianza na tabasamu lake. Likatulia. Akavua kofia, akaiweka gotini. Alisikiliza mpaka mwisho akitazama dirishani, nje malori yakipita kwenda Iringa, na nyani mmoja akikagua pipa letu la taka. Akavua hedifoni akazikunja vizuri.

"Imefika mwisho," akasema. "Twende. Nakupeleka mimi." Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtani yeyote. "Jogoo wako nitakulipa."

Hapo nikaogopa kweli.

Tulifika Kilosa mchana. Nikamwamkia mama, nikaweka redio kwenye kigoda karibu na kitanda, nikachomeka.  Nikabonyeza, na niliposikia kikohozi cha kwanza nikatoka, nikavuta mlango. Mama mdogo alisimama na mimi uani. Mtani alibaki amekaa kwenye ubavu wa kirikuu. Kwa ndani ilisikika sauti bila maneno, nzito, ikisimama kupumua, ikiendelea. Mama mdogo akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Baadaye pakawa kimya, kimya kirefu, nikaanza kufikiri imekatika, nimeshindwa tena.

"Njoo," mama akaniita.

Alikuwa amekaa. Tangu avunjike sikuwahi kumwona amekaa bila kushikwa.

"Baba yenu ameniomba radhi," akasema.

Sikuuliza ya nini. Haikunihusu.

"Tangu anioe hajawahi kuniomba radhi. Hata alipouza mbuzi wangu bila kuniambia, alinunua sukari akaiweka mezani, akanyamaza." Akakitazama kile kiredio. "Angekuwa hai asingeniomba. Huyu amekufa."

Akakifungua kitambaa cha kichwa, akakiacha kikaanguka, akaanza kulia. Alilia kwa lugha ya nyumbani, akimwita baba kwa jina ambalo hatukuwahi kumsikia akilitumia. Mimi niliyehangaika siku zote hizo ili aamini, nikatamani angeendelea kushuku. Nilimshika nikalia naye, majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja na kukaa chini, wengine hawajui hata ni msiba wa lini.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mtani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, mguu mmoja mzito anauburuta. Akakohoa kikohozi kile kile tulichokisikia redioni. Akazunguka chumba kizima akiwakagua majirani usoni.

"Nani amekula miwa yangu?" akauliza, kwa sauti ya baba.

Mama akainua kichwa. Kilio kikakatika, kikatoka kicheko, kisha vyote viwili kwa pamoja, hadi mama mdogo akamshika mgongo.

"Vua kofia ya mume wangu," mama akasema.

"Leta jogoo," mtani akasema.

Mama akajifuta uso kwa kiganja, akaniambia nitoke nikamtafutie jogoo.